Maziwa ya Ishirini na Tano

Kimali, Meatu
22 Januari 2024

Mwanangu Flora,

Mwangaluka. Natumaini umeamka vizuri huko Bariadi na kile kikohozi kimeondoka. Kama bado kipo, acha kuoga maji ya baridi. Wewe si mwanafunzi wa bweni tena, ni mwalimu, una haki ya kuchemsha maji. Mimi mhola, isipokuwa miguu inauma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku. Pamba imeota vizuri upande wa kwa Maduhu. Upande wetu mbuzi wameifanyia mkutano, nimepanda tena mistari sita.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Mtandao wa hapa unaujua, unapatikana juu ya kile kichuguu pembeni ya kituo cha maziwa tu, na pale kuna wanawake ishirini wenye masikio. Ninalotaka kusema linawahusu wao. Basi barua hii ataileta Mashimba, yule anayepeleka kuku sokoni Bariadi kila Jumatatu na Alhamisi. Na wewe majibu mpe huyo huyo.

Unamkumbuka Alhamisi, ng'ombe chotara niliyepewa na kikundi chetu cha wanawake mwaka juzi. Amezaa Oktoba, ndama jike, na maziwa anatoa mpaka mikono inachoka. Kikundi sasa kina kituo cha kukusanyia maziwa, Nyamizi ndiye mwenyekiti. Gari linakuja saa tatu asubuhi kuyachukua. Kabla hayajamiminwa kwenye pipa yanapimwa na kijana mmoja anaitwa Joakim, aliyefundishwa kazi hiyo siku tatu. Ana kidude cha kioo chenye tumbo chini na shingo nyembamba yenye namba. Anakitumbukiza kwenye maziwa, kinaelea, anainama kama mtu anayetafuta sindano, anasoma. Ikisoma ishirini na nane kwenda mbele umepita. Ikiwa chini ya hapo, maziwa yana maji.

Ya kwangu yamesoma ishirini na tano.

Mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia Joakim, mwanangu, futa kioo chako. Akafuta, akarudia, ishirini na tano. Sasa imetokea mara nne. Mimi ambaye nyumba yangu inatazamana na kituo, ambaye kila siku ni wa kwanza kwenye foleni, ndoo imefunikwa kitenge, mapovu hata hayajatulia. Wanaotoka kule bondeni, mwendo wa saa nzima, wanapita wote. Mimi narudishiwa ndoo mbele yao, navuka njia nayo hadi nyumbani, nagandisha. Mtindi umejaa kila chombo. Mbwa amenenepa.

Kwenye katiba ya kikundi imeandikwa: anayetia maji anatolewa, na ng'ombe anahamishiwa mwanachama mwingine. Wanaweza kumchukua Alhamisi nikalia wiki moja, nitanyamaza. Lakini Jumapili nitakaa benchi gani kanisani? Nimeishi Kimali miaka arobaini bila mtu kuniita mwizi.

Wewe ndiye unafundisha mambo ya vitu kuelea na kuzama. Niambie kile kioo kinaona nini kwenye maziwa yangu.

Mimi mayu wako,
Philomena

*

Bariadi
25 Januari 2024

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, na maji nachemsha, usinigombeze. Pole sana na miguu. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia Krismasi bado ipo au umempa mtu? Najua umempa mtu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na ulichouliza.

Kile kioo kinaitwa laktomita. Hakionji wala hakinusi. Kinachojua ni kitu kimoja tu, kinabebwa kiasi gani. Wewe unapochota maji kisimani, ndoo ikiwa bado imezama unaivuta kwa mkono mmoja. Ikitoka tu juu ya maji, mabega yanaanza kulia. Ndoo haijaongezeka kitu. Ni maji yaliyokuwa yanakusaidia, yanaisukuma juu, na yanasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa ili ndoo ipate nafasi. Sasa fikiria kioevu kizito zaidi. Kila kinachosogezwa kina uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo nacho kinasukuma zaidi.

Maziwa ni mazito kuliko maji, si sana, lakini yanatosha kukiinua kile kioo shingo ikabaki nje. Ukiyatia maji yanapungua uzito, kioo kinazama zaidi, na kwa sababu namba ndogo ziko juu kwenye shingo, kinasoma namba ndogo. Ukitaka kuliona kwa macho, weka yai bichi kwenye kikombe cha maji. Litazama. Koroga chumvi vijiko vingi, na yai lile lile litapanda juu.

Sasa mayu, niruhusu nikuulize jambo, na naomba usikasirike. Kioo kile hakina ndugu wala adui hapo Kimali. Kikisema ishirini na tano mara moja, nitasema Joakim amekosea. Mara nne ni nyingi. Je, kuna siku maziwa yalipungua ukaongeza hata kikombe kimoja? Au ulisuuza ndoo ukaacha maji chini? Kama ni hivyo, nenda kwa Nyamizi kabla ya mkutano, mwambie taratibu, yataisha. Mimi ni mwanao, sitamwambia mtu.

Ni mimi,
mwanao Flora

*

Bariadi
8 Februari 2024

Mayu,

Shikamoo. Mashimba amepita hapa mara nne mikono mitupu. Anasema anakuona ukikamua asubuhi, anakusalimu, unaitikia, halafu unaingia ndani. Nilimuuliza kama unaumwa, akasema haumwi, ila unapika bila kuimba.

Kama nimekukosea niambie. Niliuliza kwa sababu ya kutaka kusaidia. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wananiona kichwa hakipo darasani. Jana nimeandika ubaoni jina la Alhamisi badala ya tarehe.

Naomba hata mstari mmoja.

Mwanao Flora

*

Kimali
22 Februari 2024

Flora,

Nimepokea barua zako mbili. Jibu la swali lako ni hapana.

Kwa kuwa wewe uliuliza, niliona na wengine wana haki ya kuuliza. Nikaenda kwa Ernestina, yule anayekaa nyuma ya kanisa, ambaye ndiye alikuwa analalamika kuliko wote. Nikamwambia, kesho uje kwangu kabla jua halijatoka, utazame mwanzo hadi mwisho. Akaja. Ndoo aliikagua mwenyewe, akaipindua chini juu, akaifuta ndani kwa khanga yake. Nikakamua yeye amechuchumaa karibu, goti lake limegusa langu. Nilipomaliza sikuiweka ndoo chini hata kidogo. Nikaifunika, tukavuka njia tukikimbia, mimi na magoti haya na yeye nyuma yangu, ili mtu asije akasema niligeuka pembeni. Joakim alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Akatumbukiza kioo.

Ishirini na nne na nusu.

Ernestina alirudi nyuma hatua mbili. Hakukasirika, Flora. Aliniogopa. Ameona kwa macho yake hakuna maji, na kioo kinasema yapo. Tangu siku hiyo wengine wanasema ni ng'ombe, wengine wanasema ni mkono wangu. Juzi mke wa Maduhu alinisalimia akiwa amemficha mtoto nyuma ya sketi. Zamani walinidhani mdanganyifu, sasa sijui wananidhani nini, na udanganyifu nilikuwa nauelewa.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 16 Machi saa nne. Kama kioo hakijabadilika, Alhamisi na ndama wake wanakwenda kwa mwanachama anayefuata, na mimi natoka. Ningekuwa nimeiba ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Lile la yai nimelifanya. Lilizama, nikatia chumvi, likapanda. Umeeleza vizuri, nimeelewa kabisa kile kioo kinavyofanya kazi. Hilo ndilo linaniuma, kwamba nimeelewa.

Mayu

*

Bariadi
4 Machi 2024

Mayu wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena, naiandika nimepiga magoti kama ulivyonifundisha. Sitauliza habari za afya yako kwa sababu najua hali yako, na najua mkono wangu umo.

Nisamehe. Ulikuwa umeniandikia kila kitu katika barua ya kwanza na mimi nilisoma namba tu. Ulisema wewe ni wa kwanza kwenye foleni. Ulisema mapovu hayajatulia. Ulisema wanaotoka mbali wanapita wote. Kisha umeniandikia kwamba siku ya Ernestina mlikimbia, na siku hiyo namba ikashuka zaidi. Nilikaa na barua hiyo siku nane ikiwa ndani ya daftari la maandalio. Jumamosi usiku nililala nikiwaza kwa nini kukimbia kupunguze namba.

Jana Jumapili niliamka mapema. Jirani yangu Winnie ana ng'ombe. Nilisimama pembeni yake akikamua, kama Ernestina, nikachukua jagi la kwanza kabisa nikaenda nalo mbio maabara ya shule. Laktomita nilikuwa nimeazima kwa Charles, afisa mifugo, pamoja na kipimajoto. Nikaitumbukiza maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe.

Ishirini na tano, mayu. Maziwa niliyoyaona yakitoka kwenye chuchu.

Nilikaa chini sakafuni. Nikayaacha, nikaenda misa, nikarudi nikapima tena: ishirini na saba na nusu. Nikapika ugali, nikala, nikarudi: ishirini na tisa. Hakuna aliyeingia, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilicheka peke yangu mle ndani, halafu nikalia, na nililia zaidi ya nilivyocheka.

Ni joto. Unaijua chupa ya samli inavyokuwa. Asubuhi imeganda, iko chini ya shingo. Mchana ukiiacha juani inayeyuka na kupanda mpaka shingoni, na hakuna aliyeongeza kijiko. Samli ni ile ile, uzito ni ule ule, imetanuka tu. Maziwa nayo hufanya hivyo kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa jicho. Yakiwa na joto yanatanuka, kwa hiyo kikombe kimoja cha maziwa ya moto kina uzito mdogo kidogo kuliko kikombe kimoja cha yaliyopoa. Yanakibeba kioo kwa unyonge, kioo kinazama, namba inashuka. Ongeza na mapovu: yale ni hewa, na hewa haibebi kitu. Namba ishirini na nane ni ya maziwa yaliyopoa. Wale wa bondeni wanatembea saa nzima kwenye upepo wa asubuhi, wakifika ndoo zimekwishapoa. Wewe unavuka njia tu. Na kadiri ulivyokazana kuharakisha ili usishukiwe, na kitenge juu yake, ndivyo ulivyozidi kujichongea.

Jambo hili nalifahamu tangu chuo. Lipo kwenye kitabu ninachofundishia, mistari miwili. Mwanafunzi angeniuliza ningemjibu bila kufikiri. Ni wewe uliyeuliza, na mimi nikakimbilia kudhani umeiba. Kioo hakikusema uongo, na wewe hukusema uongo. Mimi ndiye niliyeamua mmoja wenu ni mwongo, nikamchagua mama yangu.

Tarehe 16 fanya hivi. Kamulia mbele yao ndoo moja. Ukifika kituoni, igawe katika sufuria mbili zinazofanana. Moja ifunike kitenge na uiweke karibu na jiko, isichemke, ibaki na joto lile la ng'ombe. Nyingine iweke ndani ya beseni la maji ya mtungi, ubadilishe maji hayo kila yakipata joto, na Nyamizi mwenyewe aichunge. Subirini kama saa mbili. Koroga zote mbili polepole, mapovu yakiisha Joakim apime. Yakitofautiana hakuna atakayesema umetia maji kwenye sufuria moja, kwa sababu maziwa yalitoka ndoo moja mbele ya macho yao. Na kama boksi la vifaa lina kipimajoto, mwulize Joakim kiko wapi.

Ningekuja mwenyewe. Kidato cha nne wana mitihani ya majaribio wiki hizi mbili na mkuu wa shule, Raymond, amekataa ruhusa. Nimemwomba mara mbili. Mashimba anasubiri nje na matenga yake.

Sijui kama utanisamehe. Fanya kwanza lile la sufuria, ya kwangu tutaongea baadaye.

Mwanao,
Flora

*

Bariadi
12 Machi 2024

Mayu,

Shikamoo. Naandika haraka. Jana jioni Mashimba amenirudishia barua yangu. Mto Simiyu ulifurika tangu Jumatatu ile, amekaa ng'ambo wiki nzima na kuku wake, na barua ilikuwa kwenye koti lililolowa. Nimeianika juu ya kamba ya nguo, nimeiambatisha hapa. Maneno mengine yametoka wino. Ukurasa wa kuomba msamaha ndio umeharibika zaidi, kwa hiyo narudia: nisamehe, nilikosea, hukutia maji, najua hukutia, na najua sababu.

Nimejaribu simu yako mara tisa. Kwa Nyamizi sitaki kupiga, asije akasema umepangiwa maneno na mtoto.

Hii anaileta Paschal, katekista wenu, aliyekuja Bariadi kwenye semina. Anapitia Maswa na pikipiki, anasema daraja la huko halina tatizo. Atafika kesho au keshokutwa. Kama maneno ya barua ya kwanza hayasomeki, kumbuka hili tu: maziwa ndoo moja, sufuria mbili, moja ibaki na joto, moja ipoe kwenye beseni la maji, saa mbili, ndipo yapimwe. Usikubali wapime kabla. Hata wakikuzomea, usikubali.

Sili vizuri mpaka nisikie kutoka kwako.

Flora wako

*

Kimali
18 Machi 2024

Ng'wana wane Flora,

Mwangaluka, mwanangu, mwangaluka. Huku wote ni wazima, mimi, Alhamisi, ndama, hata mbwa. Miguu haijauma tangu Jumamosi, sijui kwa nini, mvua bado inanyesha. Natumaini umekula. Kama hujala, weka barua chini ule kwanza, habari ni nzuri, hazikimbii.

Paschal alifika Alhamisi jioni na matope mpaka masikioni. Barua ile iliyolowa niliisoma kwa kuiinua kwenye mwanga wa mlango. Ukurasa wa msamaha kweli umeharibika. Nilichoweza kusoma humo ni "mama yangu" na "samli". Ilinitosha.

Jumamosi walikuja wote. Nimesimama nikasema, kabla hamjaamua, naomba saa mbili. Nyamizi akasema saa mbili za nini. Nikasema za kukaa. Wakaguna. Nikakamua mbele yao, wamenizunguka kama kwenye mnada. Tukavuka njia hadi kituoni, nikagawa sufuria mbili. Ya kwanza nikaifunika kitenge, nikaiweka kando ya jiko la Joakim. Ya pili nikaiweka kwenye beseni, nikampa Nyamizi kijiti nikamwambia kaa hapa, ukiona mkono wangu umekaribia nipige. Akakaa kweli. Kila baada ya muda anatia kidole kwenye maji ya beseni, yakipata joto anaagiza mengine ya mtungini. Wengine wakatoa karanga wakaanza kumenya. Ernestina alikaa mwisho kabisa wa benchi.

Saa ile ya kwanza ilikuwa ndefu, Flora. Niliwaza, mwanangu amesoma sana, lakini alijaribu kwa ng'ombe wa Bariadi. Je, kama Alhamisi ana shida yake? Niliwaza nitakavyomfungua kamba.

Saa sita Nyamizi akasema tayari. Nikakoroga zote polepole. Joakim akatumbukiza kioo kwenye sufuria ya kando ya jiko. Ishirini na tano. Wakanitazama. Akakiosha, akakifuta, akakitumbukiza kwenye ile ya beseni. Nilifumba macho. Nikasikia Joakim anavuta pumzi. Nikafumbua. Alikuwa ameinama, amenyanyuka, ameinama tena.

Ishirini na tisa na nusu, akasema. Kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Kisha Ernestina akainuka kule mwisho, akaja, akatia kidole kwenye sufuria ya moto, akatia kwenye ya baridi, akalamba vyote viwili. Akasema, ni maziwa yale yale. Halafu akanishika mikono, akaanza kulia, na mimi nikalia, tukawa wazee wawili tunalia juu ya beseni. Alisema amekuwa haniangalii usoni kwa sababu hakujua ameona nini siku ile. Nilimwambia hata mimi sikujua.

Nikauliza kuhusu kipimajoto. Joakim akafungua boksi, akasema kilikuwepo, kimeandikwa kwenye karatasi kwa Kiingereza. Akamtazama Nyamizi. Nyamizi akatazama miguu yake. Kumbe kipo nyumbani kwake tangu Novemba, anawapimia wajukuu homa. Alisema alishangaa kila mjukuu anayepimwa hana homa. Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga karanga. Nyamizi naye akacheka, afanyeje. Amekirudisha jana, amekiosha kwa sabuni.

Imeandikwa kwenye daftari la mkutano kwamba ndoo zote zitapozwa kwenye beseni kabla ya kupimwa, na kwamba mimi sikuwa na kosa. Sasa kuwahi foleni hakuna faida, nalala mpaka kunapambazuka kabisa. Na nikuambie, tangu utaratibu uanze kuna ndoo za watu fulani ambazo zilikuwa zinapita kwa shida, ishirini na nane na zisizidi, leo zimesoma thelathini. Naona wameogopa Joakim amekuwa mjanja. Sikusema kitu, nimesemwa vya kutosha.

Sasa wewe na mimi. Nilikukasirikia sana, Flora. Si kikundi kilichonifanya nipike bila kuimba. Kikundi ni watu, lakini wewe nilikunyonyesha. Nililala nikisema, kama huyu anadhani hivyo basi hata Mungu anaweza kudhani hivyo. Lakini nimekusoma ulivyokaa sakafuni na maziwa ya jirani siku nzima ya Jumapili. Imeisha. Nasema imeisha na sirudii tena, wala na wewe usirudie. Wabeja sana, asante mwanangu.

Kitu kimoja ukijue. Mkutano ulipokuwa unafungwa Nyamizi aliniuliza mbele ya wote, huyu binti yako alisemaje ulipomwandikia mara ya kwanza? Nikasimama. Nikawaambia, aliniandikia akasema, mama yangu hawezi kutia maji, kosa litafutwe mahali pengine. Wakasema huyo ndiye mtoto. Paschal alikuwepo, akaitikia kwa kichwa.

Ile barua yako ya Januari leo asubuhi nimeiwashia jiko, nikachemshia chai ya maziwa, ikawa nzuri. Jumamosi padre anakuja kuungamisha watu kabla ya Pasaka, na huo uongo nitaupeleka mimi mwenyewe, usikusumbue. Ila ukija likizo watakuuliza, hawa nawajua. Ulisema vile vile nilivyowaambia.

Ni mimi mayu wako,
Philomena